Wavulana Waliokuwa wa Kwanza Kwenye Orodha

Ningekataa kuamua. Hilo tu ndilo lililotakiwa kwangu asubuhi ile, katika kijiji chetu nyuma ya Cheptiret: niseme kwamba mambo ya sindano ni ya Sista, si yangu, kisha ninyamaze. Wazee walikuwa wamenigeukia. Sista alikuwa ameshachanganya dawa kwenye chupa. Mzee wa menjo aliniuliza, "Sasa wewe unasemaje?" na mimi, badala ya kulirudisha swali lile kwa mwenye kazi yake, nililipokea kama mtu aliyepewa kiti cha mbele. Nikasema wavulana wangoje mpaka Jumatatu.

Mmoja wa wavulana hao alikuwa mwanangu wa kwanza.

Menjo, kwa asiyejua, ni kibanda wanachokaa wavulana wetu baada ya kutahiriwa, mbali na nyumba za watu, wakifundishwa na wanaume peke yao mpaka siku ya kutoka. Zaidi ya hapo siandiki, maana mambo ya ndani si ya karatasi. Jambo moja tu linahitajika hapa: mwanamke haruhusiwi kuwaona, hata mama aliyewazaa. Na hulala wote pamoja, bega kwa bega, kibanda kizima.

Wakati ule nilikuwa karani katika ofisi ya afya mjini Eldoret. Ilikuwa miaka ya chama kimoja, picha ukutani na beji kifuani, na mtu akikuuliza habari ya mchana unaangalia kwanza ni nani anayesikiliza. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikapata kazi ya kuandika rejista ya chanjo, kuhesabu chupa zinazotoka kwenye friji na zinazorudi tupu, na kubeba kikasha cha barafu safarini. Kudunga sindano sikujua wala sikuruhusiwa. Lakini kijijini kwetu kila aliyeshuka kwenye gari la afya aliitwa Bwana Afya, na mimi sikumsahihisha mtu.

Homa ya uti wa mgongo iliingia mwezi wa kumi na mbili, mahindi yakiwa bado yanavunwa. Mtu alilalamika kichwa asubuhi, jioni shingo imekakamaa, na kesho yake majirani wanaulizana ni nani mwenye mbao. Chanjo ilikuja kutoka Nairobi kidogo kidogo, kwenye chupa za unga mweupe. Unga huo ukishachanganywa na maji yake, chupa moja inatosha watu hamsini, nayo lazima iishe siku hiyo hiyo. Ikifika jioni haijaisha, ni ya kumwaga.

Haikutosha watu wote. Kila asubuhi ukumbi wa ofisi ulijaa watu wenye sababu. Mwenye duka alitaka wauzaji wake wadungwe kwa sababu wanashika pesa za watu wengi. Mchungaji alitaka kwaya. Mwenyekiti mmoja wa tawi la chama alikuja na kadi za uanachama za nyumba yake nzima, amezifunga kwa mpira, akaziweka mezani kwa daktari.

Daktari alikuwa mtu wa Meru, mwembamba, hacheki ovyo. Akazitazama zile kadi bila kuzigusa.

"Mheshimiwa, nyumbani kwako mnalala wangapi chumba kimoja?"

"Chumba kimoja? Mimi nina vyumba saba, Daktari."

"Basi umeshajijibu."

Mwenyekiti alidungwa wiki iliyofuata, yeye na vyumba vyake saba, baada ya simu kutoka mahali. Sisi wa ofisi tulikuwa tumedungwa kabla yake, siku ya kwanza kabisa, na hakuna aliyetuuliza tunalala wangapi. Lakini orodha ya daktari ilibaki ilivyokuwa, na ilikuwa orodha ya haki. Alituambia ugonjwa huu hauangalii cheo, unaangalia mahali watu wanapolala. Wanaolala wengi mahali pamoja ndio watangulie. Akaandika jela. Akaandika kambi za askari. Shule za bweni zilikuwa zimefungwa kwa likizo. Kisha akaniuliza, kalamu ikiwa hewani, "Karani, hawa vijana wenu wa menjo hulala wangapi?"

"Kwetu mwaka huu wako ishirini na wawili."

"Kibanda kimoja?"

"Kimoja."

Akaifuta jela kwenye nambari moja akaishusha. Pale juu akaandika menjo. Nilifurahi nikashindwa kuficha. Wilaya nzima ilikuwa inapigania nafasi kwenye karatasi ile, na mwanangu alikuwa juu ya polisi na juu ya wenyeviti.

Asubuhi ya Ijumaa nilikunywa chai jikoni, nyumbani kwetu Munyaka, kabla ya gari kunipitia. Mke wangu alikuwa wa upande wa Kakamega. Kwao pia wavulana hutahiriwa, lakini yeye alitaka mwanetu apelekwe hospitali, apumzike nyumbani siku chache, arudi kucheza mpira. Tulibishana miezi mitatu. Nilishinda kwa kumwambia mtoto wa mwanamume ni wa ukoo wa baba yake. Hakulisahau neno hilo, lakini alinyamaza akamfungia mtoto blanketi mbili.

"Leo ni kwenu?" aliniuliza.

"Ni kwetu. Wao ndio wa kwanza kwa orodha."

"Sijauliza orodha, Baba watoto. Nataka jioni uniambie amedungwa. Basi."

"Nitakuambia."

Nilipofika ofisini nikakuta mpango umebadilika. Dresa mwanamume, mdunga sindano tuliyepaswa kusafiri naye, alikuwa amechukuliwa alfajiri kwenda Chepsaita, upande wa Turbo, kwa sababu huko watu walikuwa wameanza kufa. Aliyebaki wa kudunga sindano alikuwa Sista mmoja wa makamo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, naye pia wa magharibi kama mke wangu. Tulikuwa tukimwita Sista tu.

"Huko tunakoenda," nilimwambia garini, "kuna shida kidogo. Wewe ni mwanamke."

"Hiyo shida nilizaliwa nayo," alisema. Dereva alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Wazee walitungojea nje ya boma la mzee wa menjo, kwenye nyasi, koti juu ya koti, maana baridi ya kwetu mwezi huo hukaa mpaka saa nne. Naibu wa chifu alikuwepo na fimbo yake. Kibanda chenyewe kilikuwa chini, nyuma ya shamba la mahindi, karibu na mto. Sauti za wavulana zilikuwa zikisikika kwa mbali wakiimba. Nilijaribu kuitambua ya mwanangu nikashindwa. Wanaume wa kwetu tulikuwa Wakristo wote, na mchungaji ndiye aliyekuwa ameomba siku wavulana walipoingia. Lakini lile la wanawake kutoingia lilikuwa kama lilivyokuwa tangu babu zetu.

Sista alisikiliza maneno yote kwa heshima, mikono imefungwa kifuani. Wazee walipomaliza, akauliza kama anaweza kusema.

"Sema, Mama."

"Mimi sitaki sura ya mtu. Nataka mkono tu. Mfanye tobo hapo kwa ukuta, ya kutosha mkono. Mimi nakaa nje, mmeniwekea blanketi mbele, sioni kitu. Kijana anatoa mkono, nadunga, anarudisha. Anakuja mwingine. Hata nikikutana na yeye kesho sokoni sitamjua."

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, "Na huo mkono hauna mwenyewe?"

Hapo mzee aliyekuwa mkubwa kuliko wote, asiye na jino hata moja, akainua kichwa. "Lakini sisi hatukutahiri mkono," alisema. "Mkono ni ule ule waliokuja nao."

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha watu waliokuwa wanatafuta ruhusa. Hata mzee wa menjo alijifuta macho. Akasema ukuta ni wa matawi na nyasi, tobo si kazi, na blanketi zipo. Sista akafungua kikasha, akaketi kwenye kigogo, akavunja kizibo cha chupa, akavuta maji akaanza kuchanganya. Nakumbuka akiitikisa polepole mbele ya jua kuona kama unga umeisha. Sisi watu wa kwetu hatukukataa chanjo ile. Nimesikia wengine wakilisimulia jambo hili kana kwamba ushamba wa wazee ndio uliotuponza. Wazee walikuwa wamekubali.

Aliyeharibu ni mimi, na sababu yake ni ndogo hata kuiandika ni aibu. Kulikuwa na mwenzangu pale, tuliyetahiriwa naye pamoja, tukakaa menjo moja, mtu ambaye kwa desturi yetu ni zaidi ya ndugu. Mwanawe pia alikuwa kule chini. Alikuwa mtani wangu tangu utoto. Wazee wakiwa bado wanacheka, akanipiga begani.

"Huyu wa Munyaka," aliwaambia, "ndiye ametuletea wanawake menjo. Amekula ugali ya magharibi mpaka amesahau. Leo ni nesi, kesho ataleta bibi yake apike huko ndani!"

Wakacheka zaidi. Ulikuwa mzaha tu. Yeye mwenyewe alikuwa tayari kwenda kukata tobo, alishakuwa na panga mkononi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa mjini miaka kumi na tano. Nilikuwa nimeoa nje, nilikuwa nasahau maneno ya kwetu katikati ya maombi, na kila nilipokwenda nyumbani nilihisi wananipima. Kicheko kile kilinishika mahali pabaya.

Ndipo mzee wa menjo, kwa heshima tu, kwa sababu nilikuwa nimesoma na ndiye niliyekuja na gari la serikali, akanigeukia. "Huyu Mama amesema. Sisi hatuna neno. Sasa wewe unasemaje? Wewe ni serikali na wewe ni mtoto wetu. Ukisema ni sawa, ni sawa."

Nikasimama. Nikavuta koti. Nikasema mambo ya babu zetu hayakatwi tobo, na kwamba mimi, mtoto wao, sitakuwa mtu wa kwanza kuleta mwanamke kwenye ukuta wa menjo. Wavulana wangoje. Jumatatu nitakuja mwenyewe na dresa mwanamume, aingie kwa mlango.

Hakuna aliyecheka tena. Wazee waliguna ile sauti ya kukubali inayotoka tumboni. Mwenzangu akarudisha panga kwenye ala na kusema, "Kumbe bado ni wetu." Nilijisikia mrefu. Ningeweza kusema sikujua hatari, lakini nilijua. Mimi ndiye niliyeandika rejista ya waliokufa.

Sista hakubishana nami mbele ya wazee. Alisubiri mpaka tulipofika garini.

"Karani, hiyo chupa imefunguliwa. Jioni ni ya kumwaga. Nifanye nini na dawa ya watu hamsini?"

"Tupeleke barabarani. Naibu aite watu."

"Na hawa watoto?"

"Jumatatu."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayetaka kusoma bei iliyoandikwa vibaya. Kisha akapanda gari.

Kwa hiyo siku ile Cheptiret, kando ya barabara ya Nakuru, walidungwa waliokuwa karibu. Walidungwa wauza viazi, na utingo wa lori lililokuwa limesimama kubadilisha gurudumu. Fundi wa baiskeli alidungwa, na wateja wake wawili. Mtu mmoja alikuwa akisafiri kwenda Molo akashuka kwenye basi kuuliza foleni ni ya nini, akadungwa, akapanda tena. Mama za wavulana walikuja pia, kwa sababu habari ilikuwa imefika mashambani. Mmoja wao, akiwa bado ameshika mkono wake pale sindano ilipoingia, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na wetu huko chini, wamepata?"

"Hao wamepangiwa," nikasema.

Watu walipotimia hamsini, Sista alifunga kikasha. Nami nikafungua rejista juu ya boneti. Kulikuwa na mahali pa kuandika kundi, idadi na kama kazi imekamilika. Nilikaa na ile kalamu. Kama ningeandika ukweli, kwamba wavulana hawakudungwa na dawa imekwenda kwa wauza viazi na msafiri wa Molo, daktari angeniuliza kwa nini. Nikaandika menjo, ishirini na wawili. Waliobaki nikawaandika wananchi. Hesabu ilikuwa sawa na chupa. Mwisho wa mstari nikaandika imekamilika. Nilijiambia Jumatatu ningeufanya mstari huo kuwa kweli.

Jioni mke wangu alikuwa akianika soksi za watoto kwenye kamba nilipoingia. Hakugeuka.

"Amedungwa?"

"Amedungwa."

"Alilia?"

"Mtoto wa menjo halii."

Akacheka kidogo, akaendelea na soksi. Uongo mmoja nilikuwa nimeuandika, mwingine nimeusema, na jua lilikuwa halijatua.

Jumatatu nilifika ofisini mapema kuliko mtu yeyote. Dresa alikuwa amerudi kutoka Chepsaita, macho mekundu, hajavua hata viatu. Daktari akapanga kazi ya wiki. Chupa zilizokuwa kwenye friji zilikuwa chache na zote alizipeleka upande wa Turbo. Nikauliza, kama mtu anayeuliza tu, kama hakuna ya kurudi Cheptiret.

"Cheptiret?" Akafungua rejista yangu, akaweka kidole. "Cheptiret umeifunga wewe mwenyewe, Karani. Imekamilika."

Hapo nilikuwa na nafasi ya pili. Ilikuwa sentensi moja: Daktari, nilidanganya, wavulana hawajadungwa. Angenifokea. Labda ningepoteza kazi, na miaka ile aliyefukuzwa serikalini alitazamwa kama adui. Lakini angenipa chupa. Namjua, angenipa chupa kabla ya kumaliza kunifokea.

"Ndiyo, Daktari," nikasema.

Siku nzima nilizunguka nikitafuta njia ya nyuma. Jumanne nilimwendea mtunza friji, mtu niliyezoea kunywa naye chai, nikamwomba chupa moja isiyoandikwa popote. Akasema anaweza, lakini si leo, daktari yuko, nije kesho akiwa ameondoka. Nikasubiri kesho. Nilikuwa na mtoto ndani ya kibanda kile na bado nilisubiri kesho, ili nisionekane.

Jumatano asubuhi nilipata chupa. Dresa alikubali kunisindikiza kwa urafiki tu, bila kuuliza sana. Tulipata lori la mbao, kikasha mapajani mwangu. Saa nne tulikuwa Cheptiret. Naibu wa chifu alikuwa amesimama mbele ya duka, na aliponiona hakunisalimia.

"Umechelewa, Bwana Afya," alisema. "Wanne wamepelekwa asubuhi na trela ya mahindi."

Nilimuuliza ni akina nani. Akanitajia. Wa tatu alikuwa wangu.

Dresa alishuka kule chini peke yake, akaingia kwa mlango, akawadunga wale kumi na wanane waliobaki. Ilimchukua muda wa kunywa chai. Hakuna hata mmoja wao aliyeugua baadaye. Mimi niligeuka nikarudi mjini kwa gari la kwanza lililosimama.

Walikuwa wamewaleta hospitali wakiwa wamefunikwa blanketi kuanzia kichwani, juu ya magunia, trekta ikienda polepole ili wasirushwe. Wazee walifuata kwa miguu mpaka barabarani, kisha wakapanda basi. Nilipoingia nikawakuta mlangoni mwa wodi, kofia mkononi, wamesimama tu. Ndani, blanketi zilikuwa zimeondolewa. Wauguzi wote wa wodi ile walikuwa wanawake. Walikuwa wakiwafuta vijana wetu jasho, wakiwageuza, wakiwabadilisha nguo, wakiwaita "baba" kama wauguzi wanavyowaita watoto. Mzee wa menjo aliangalia kitambo, akaangalia pembeni.

Mke wangu alifika saa saba. Mtu wa sokoni alikuwa amempa habari. Alipita katikati ya wazee bila kuwasalimu, akaenda moja kwa moja hadi kitandani, akamshika mtoto shingo pale palipokakamaa. Kisha akaja mlangoni nilipokuwa.

"Uliniambia amedungwa."

Alisubiri. Nilitazama kofia mikononi mwa wazee. Akarudi kitandani.

Mtoto wa mwenzangu alikufa Alhamisi. Wawili walipona kabisa. Mwanangu alilala siku tisa, na siku ya kumi akafungua macho akaomba uji kwa sauti kubwa, kubwa mno, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Tulifurahi wote. Mama yake, kwa haraka ya kuutafuta huo uji, aliangusha kikombe cha bati sakafuni karibu na kichwa chake. Mtoto mchanga wa kitanda cha pili alishtuka akalia. Mwanangu aliendelea kutazama dirisha.

Daktari aliniita baada ya hapo. Rejista ilikuwa wazi mezani kwake. Hakufoka, na ningependa angefoka.

"Mimi niliwaweka wa kwanza," alisema. "Wewe uliwaweka wa ngapi?"

Alinihamishia stoo ya dawa za kunguni, na huko ndiko nilikostaafia.

Nyumbani kijijini hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo limenichosha zaidi ya yote kwa miaka hii. Kwenye mazishi, mwenzangu, mwenye kufiwa, alinishika mikono yote miwili. Akaniambia, "Wewe ulisimama kama mwanamume siku ile." Alikuwa anajifariji, na alitaka faraja hiyo aigawane na mimi. Ningemwambia hapo hapo kwamba mwanawe angekuwa hai kama ningekaa kimya na yeye akakata tobo kwa panga lake. Nikasema, "Pole, ndugu yangu." Siku wavulana walipotoka, wazee walinipa kibuyu cha maziwa kabla ya watu wengine, nikanywa. Sista niliendelea kukutana naye kwenye ukumbi wa ofisi mpaka alipohamishwa. Alinisalimia vizuri kila mara. Hakuwahi kulitaja jambo lile.

Mwanangu alipelekwa shule ya viziwi. Likizo zote alirudi na lugha ya mikono, na mama yake akajifunza. Alijifunza jioni, sahani zikiwa bado mezani, mtoto akimrekebisha vidole na kucheka kila alipokosea. Wadogo zake wakajifunza kwa kucheza tu. Mimi nilisema nimechoka na kazi. Nilisema nitajifunza likizo ijayo, kisha nikasema vidole vyangu ni vigumu. Ukweli ni kwamba kila alipoinua mikono kunielekea, niliona kile nilichofanya, nikamgeukia mama yake nikamuuliza, "Anasema nini?" Naye alinitafsiria. Alinitafsiria miaka mingi, kwa sauti isiyo na hasira wala ukarimu, kama karani anayesoma barua ya mtu mwingine.

Hatukuachana. Watu wa umri wetu hawakuachana. Lakini baada ya mlango ule wa wodi, hakuwahi tena kuniuliza kitu akaamini jibu langu. Nikisema nimelipa maji, alikwenda kutazama.

Chanjo ya korona ilipokuja, wazee tulitangulizwa. Mwanangu ndiye aliyenisindikiza. Msichana aliyekuwa akipanga foleni akasema, "Mzee, pita mbele, nyinyi ndio wa kwanza." Nilimwambia mwanangu apite yeye, kwa sauti, kama mjinga, kisha kwa kumsukuma kiunoni. Hakuelewa. Alidhani sindano inanitisha, akanishika mkono akanipeleka mpaka kwenye kiti.

Mama yake alikuwa ameshakufa wakati huo. Mwanangu ni seremala, anaishi si mbali na mimi, na wanawe huzungumza naye kwa mikono kwa haraka ambayo macho yangu hayaiwezi. Huja Jumapili baada ya kanisa. Tunakunywa chai. Ananionyesha picha za vitanda alivyotengeneza, natikisa kichwa kwamba ni vizuri, halafu anaondoka. Sijui kama anajua ni nani aliyesema wangoje. Yeye na mama yake walizungumza mengi mbele yangu, mezani, na huenda alimwambia yote nikiwa nimeketi hapo nikinywa chai. Ningeweza kumwandikia, kusoma anajua. Nimeanza barua hiyo mara kadhaa, na kila mara naishia kwenye habari za daktari na orodha yake.

Uamuzi ule ulimuua mtoto wa mwenzangu. Ulimfanya mwanangu kiziwi akiwa na miaka kumi na mitano. Na kwa sababu niliona aibu kujifunza lugha aliyobaki nayo, mimi na yeye hatujazungumza tangu siku alipoingia menjo, na sasa amepita miaka hamsini.